Binti Akikimbia, Sahani Imfuate

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya uzazi, watoto wachanga na magonjwa ya nyumbani. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wanaume na makocha wao, yaani chakula cha mkimbiaji wa mbio ndefu. Tunalileta hapa kwa sababu mabinti zetu wanakimbia. Wanakimbia shuleni, wanakimbia katika michezo ya UMISSETA, na wengine wanatamani kuwa kama Tegla Loroupe wa Kenya, ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Na anayeipakua sahani ya binti huyo kila jioni ni mama.

Liko pia swali ambalo akina mama hutuuliza kwa sauti ya chini wanapofika kliniki: "Nesi, binti yangu yuko kidato cha tatu, anakimbia kila siku. Huu ni mwezi wa nne hajaona siku zake. Je, ana mimba?" Swali hilo huja na machozi, na mara nyingine binti amekwisha kuchapwa kabla ya kuletwa. Tutalijibu. Lakini ili jibu lieleweke, kwanza tuone jinsi mwili unavyotumia chakula.

MWILI UNA DAFTARI LAKE

Kila mama anayeuza genge anajua daftari la mapato na matumizi. Mwili nao unalo daftari la namna hiyo, na fedha yake ni kalori. Kalori tunazozitaja hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambazo wataalamu huziita kilokalori.

Upande wa mapato ni chakula. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Konzi ya karanga, yaani gramu 30 hivi, ina kama 170. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 100, na yai la kuchemsha kama 75.

Upande wa matumizi huanza hata kabla hatujaamka kitandani. Mwanamke wa kilo 50 hutumia karibu kalori 1,200 kwa siku kwa ajili ya moyo, mapafu, ubongo na joto la mwili tu, bila kuinua hata ufagio. Juu ya hizo ongeza kutembea kwenda shule, kuchota maji, kufua na kupika. Kisha ongeza mbio. Kanuni ya mbio ni rahisi kukumbuka: kila kilo ya uzito hutumia karibu kalori 1 kwa kila kilometa. Binti wa kilo 48 akikimbia kilometa 10 ametumia kama kalori 480. Mkimbiaji wa kilo 55 akimaliza marathoni, ambayo ni kilometa 42 na mita 195, ametumia kama 2,300. Awe na kasi au awe wa pole, tofauti ni ndogo. Mwenye kasi huzimaliza mapema zaidi.

Je, kalori hizo hukaa wapi kabla ya kutumika? Mwili una maghala mawili. Ghala la kwanza ni la wanga, ndani ya misuli na ini. Lina kiasi cha gramu 500, yaani kalori kama 2,000. Linafunguka haraka, lakini ni dogo. Ghala la pili ni la mafuta. Hilo ni kubwa, kwa maana kilo moja tu ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, lakini mlango wake ni mwembamba na mali hutoka polepole. Ndiyo sababu wakimbiaji wengi wa marathoni, wakifika karibu kilometa ya 30, huona miguu imekuwa mizito ghafla. Ghala la wanga linaelekea kwisha. Mkimbiaji hula wanga kabla ya mbio, hunywa kitu cha sukari njiani, na hula tena mapema baada ya kumaliza, ili ghala hilo lijae kwa ajili ya kesho.

WAKIMBIAJI WA KENYA WALIVYOPIMWA

Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi ulioongozwa na Mkenya, Vincent Onywera, juu ya wakimbiaji 10 wa daraja la juu wa nchi hiyo. Chakula chao kilipimwa kwa siku 7 za mazoezi makali. Akina mama, yaliyokuwa kwenye sahani zile hata sisi tunayo jikoni: ugali, wali, viazi, mkate, uji, maharage, kabichi, nyama ya ng'ombe kwa kiasi, na chai ya maziwa yenye sukari. Zaidi ya robo tatu ya kalori zao zilitoka kwenye wanga. Mafuta yalikuwa machache, na protini ilitosha mahitaji yao. Walikula mara tano kwa siku. Hapakuwa na siri ya unga wa kwenye kopo.

Sasa tazameni daftari lao. Kwa wastani walikula kalori 2,987 kwa siku, na walitumia 3,605. Walipungukiwa na kalori kama 618 kila siku. Kwa siku 7 deni hilo ni zaidi ya 4,300. Tukiligawanya kwa 7,700 za kila kilo ya mafuta, tunategemea uzito upungue kwa nusu kilo na kidogo. Na ndivyo ilivyokuwa: wastani wa uzito ulishuka kutoka kilo 58.9 hadi 58.3. Mwili haupotezi hesabu.

Wale walikuwa wanaume wazima, na deni lilipimwa kwa wiki moja tu. Mtu mzima mwenye afya akipungukiwa wiki moja, kisha akapumzika na kula vizuri, hulilipa. Hatari iko pale deni linapoendelea mwezi baada ya mwezi, tena kwa msichana ambaye mwili wake bado unajengwa.

MWILI UKIKOSA, HUBANA MATUMIZI

Mshahara ukichelewa, mama wa nyumba hafungi mlango akaondoka. Anabana. Unga na mafuta ya taa vitanunuliwa. Nguo mpya na bati la kurekebisha paa vitasubiri. Mwili nao hufanya hivyo hivyo. Moyo na ubongo hupewa kwanza. Vinavyosubirishwa ni uzazi, ujenzi wa mifupa, ukuaji, na kinga dhidi ya magonjwa. Kwa msichana, homoni za uzazi hushuka na hedhi hukatika. Homoni hizo ndizo zinazolinda mifupa pia, na miaka ya usichana ndiyo miaka ya kuweka akiba kubwa ya mifupa ya maisha yote. Ikipita bila kuwekwa, si rahisi kuirudisha baadaye.

Wataalamu wa michezo hupima kwa njia hii: wanachukua kalori alizokula binti, wanatoa zilizotumika mazoezini, kisha wanagawanya zinazobaki kwa kilo za mwili wake bila mafuta. Zikibaki kama 45 kwa kila kilo, mwili una raha. Zikibaki chini ya 30, mambo huanza kuharibika. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa homoni za wasichana wenye afya huanza kuyumba chini ya mpaka huo ndani ya siku 5 tu.

Tuchukue mfano. Binti wa kilo 48, ukiondoa mafuta, ana mwili wa kilo kama 38. Anakula kalori 1,600 kwa siku. Kwa mwenzake asiyekimbia na mwenye umbo dogo, huenda kisionekane kuwa chakula kidogo sana. Lakini yeye anakimbia kilometa 10 na kutumia 480. Zinabaki 1,120, ambazo ni chini ya 30 kwa kila kilo. Haonekani mwenye utapiamlo na wala hajalala na njaa, lakini mwili wake umeanza kubana.

Sasa mwongezee mambo manne madogo: kikombe cha uji mzito wenye maziwa na sukari, ndizi moja, konzi ya karanga, na kijiko kikubwa cha mafuta kwenye maharage yake. Hizo ni karibu kalori 600. Zinazobaki baada ya mazoezi sasa ni kama 1,700, yaani karibu 45 kwa kila kilo. Mambo manne ya jikoni yamemvusha kutoka hatari hadi salama.

Jambo hili halichagui nchi tajiri wala maskini. Mary Cain wa Marekani alikimbia katika mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba, kwa kushinikizwa apunguze uzito zaidi na zaidi, alikosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mara tano. Alikuwa na makocha, na maduka ya nchi yake yamejaa chakula. Kilichokosekana ni uwiano wa kula na kutumia. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inautambua upungufu huu wa nguvu kuwa tatizo la kiafya la wanamichezo wa jinsia zote, kwa maana wavulana nao homoni na mifupa yao huathirika.

SASA TULIJIBU LILE SWALI

Mama mwenzetu, binti anayekimbia akikosa siku zake, usianze na fimbo. Mkalishe faragha, muulize kwa upole, kisha mlete kituo cha afya apimwe. Ni kweli mimba ndiyo kitu cha kwanza tunachopima, na kipimo chake ni chepesi. Kama ni mimba, huo ndio wakati atakapokuhitaji kuliko wakati wowote. Kama si mimba, msirudi nyumbani mkidhani yamekwisha. Hapo tutauliza: Anakula nini, na saa ngapi? Anakimbia kilometa ngapi? Uzito umepungua? Daktari ataangalia pia mambo mengine yanayoweza kukatisha hedhi au kupunguza uzito, kama magonjwa ya tezi na kifua kikuu.

Wako wanaosema kwamba mkimbiaji kukosa hedhi ni jambo la kawaida, au hata ni dalili kuwa mazoezi yamemkolea. Msiyakubali maneno hayo, hata yakitoka kwa mtu mwenye filimbi shingoni. Hedhi ya binti ni taarifa ya kila mwezi kwamba daftari limelingana. Na mabinti waelezwe wazi kwamba kukosa hedhi hakumaanishi msichana hawezi kupata mimba. Yai linaweza kurudi kabla damu haijaonekana.

MBONA HASEMI KWAMBA ANA NJAA?

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa mkimbiaji, hata mwenye njaa mara nyingine haijui njaa yake. Mazoezi makali hutuliza hamu ya kula kwa muda. Binti anarudi jioni, anakunywa maji, anasema "sijisikii kula," anaingia bafuni, kisha kwenye madaftari, kisha kitandani. Asubuhi anawahi shule bila kitu tumboni. Hakuna aliyemnyima chakula, lakini deni limeongezeka.

Wengine hujinyima kwa makusudi. Wameambiwa kwamba mwembamba ndiye mwenye kasi, au wametaniwa nyumbani kwamba wamenenepa. Tuwaombe akina baba, shangazi na kaka wauache utani huo. Neno moja la mezani linaweza kumfanya msichana aisukume sahani kwa mwaka mzima.

TUMBO NALO LINA KIPIMO

Huenda mama mmoja akasema, "Basi nitampa mlo mmoja mkubwa usiku, alipe deni lote." Haiwezekani kirahisi. Mwaka 2015 walikuwako wakimbiaji waliovuka Marekani kwa miguu kutoka pwani moja hadi nyingine, karibu kilometa 5,000, wakikimbia kiasi cha marathoni kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa miezi mingi. Watafiti waliwapima, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliona kwamba kwa kazi ya miezi mingi mwili wa binadamu hushuka hadi kutumia kiasi cha mara 2.5 ya zile kalori unazotumia ukiwa umelala tu. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba tumbo na utumbo havina uwezo wa kupokea na kusaga zaidi ya hapo siku baada ya siku.

Katika taarifa hiyo hiyo wameandika jambo litakalowafurahisha. Walilinganisha wakimbiaji wale na wanawake wajawazito, wakaona mjamzito hufikia kiasi cha mara 2.2, kwa miezi tisa. Akina mama, sisi sote tuliobeba mimba tumekwisha kukimbia mbio ndefu, wala hatukupewa nishani. Na mama anayenyonyesha huhitaji kalori kama 500 za ziada kila siku. Kwa hiyo kanuni tunayomfundisha binti leo ni ile ile itakayomlinda siku atakapokuwa mama: anayefanya kazi kubwa ale zaidi, tena ale mara nyingi, kidogo kidogo.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Asitoke nyumbani na tumbo tupu. Kikombe cha uji wenye maziwa au karanga zilizosagwa kinatosha kuanzia siku. Kama muda hautoshi, abebe ndizi au kiazi kitamu kilichochemshwa jana.

2. Ale ndani ya saa moja baada ya mazoezi, hata kama hana hamu. Chai ya maziwa yenye sukari na mkate, au ndizi na karanga, hupita hata pale ugali unapogoma. Ale kwa kufuata saa, asingoje njaa imwite.

3. Chakula cha jioni kiwe na wanga wa kutosha, maharage au dagaa au yai, na mboga za majani. Kijiko cha mafuta au karanga kwenye mboga huongeza kalori bila kujaza tumbo.

4. Damu yake iangaliwe. Msichana anayekimbia na kupata hedhi huhitaji madini ya chuma: maharage, mboga za majani, dagaa, nyama au maini inapowezekana. Chai isinywewe pamoja na mlo huo, kwa kuwa huzuia madini yasiingie mwilini. Iwekwe kati ya mlo na mlo. Chungwa au embe pamoja na chakula husaidia.

5. Punguzeni matumizi yasiyo ya lazima. Siku ya mazoezi makali, ndoo za maji zibebwe na kaka zake. Siku moja ya wiki apumzike kabisa, na usiku alale mapema.

6. Chakula kikipungua, kilometa zipungue. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kuna majira unga ni ghali na akiba imekwisha. Hakuna aibu kumwendea mwalimu wa michezo na kusema, "Mwalimu, mwezi huu nyumbani hali ni ngumu, naomba mwanangu apunguziwe mazoezi." Mwalimu mwenye busara atashukuru, kwa maana hapendi kuuguza mguu uliovunjika.

MLETE HOSPITALI UKIONA HAYA

Hajaona siku zake kwa miezi mitatu, au ana miaka 15 na hajavunja ungo. Ana maumivu ya mfupa wa muundi au wa mguu, mahali pamoja, yasiyokwisha hata akipumzika. Anazimia au kuona kizunguzungu. Uzito unashuka. Anaugua mafua na homa mara kwa mara. Amekuwa mkali, mwenye huzuni, au amejitenga wakati wa kula. Moja tu kati ya hayo linatosha kumleta.

NENO KWA MAMA ANAYETAKA KUPUNGUA

Tunajua baadhi yenu mmesoma haya mkiwaza unene wenu wenyewe. Daftari ni lile lile, ila kwenu linasomwa kutoka upande wa pili. Mama wa kilo 70 akitembea kilometa 5 hutumia kalori kama 250. Ni mazoezi mema kwa moyo na kwa sukari ya damu, lakini soda mbili zinaweza kuzirudisha zote. Usile sahani ya binti yako mkimbiaji kwa kutembea hadi sokoni, wala usimpunguzie yeye sahani kwa kuwa wewe uko kwenye mpango wa kupungua. Kila mtu apakuliwe kwa kazi yake.

Na leo jioni, binti akirudi na viatu mkononi na vumbi miguuni, usianze kwa kumuuliza alikuwa wa ngapi. Muulize amekula nini tangu asubuhi. Kisha umwekee uji mezani, ukae naye mpaka aumalize.